Ulimi Mzima, Upande Mmoja Haupo: Uchambuzi wa Kisa cha Kiharusi cha Ubongo wa Kulia

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, madaktari wa mapokezi, wataalamu wa tiba kazi na familia zinazomhudumia mtu aliyepata kiharusi. Kila kinachoweza kumtambulisha mhusika kimeondolewa au kubadilishwa.

Mgonjwa kabla ya siku ile

Ni mwanaume wa miaka 61, mhasibu, anayetumia mkono wa kulia kwa kuandika na kwa kazi zote. Shinikizo la damu lilikuwa limegunduliwa miaka tisa nyuma, na dawa alikuwa akizimeza kwa kurukaruka. Hakuwa na kisukari wala hakuwahi kupata kiharusi. Wanaomfahamu walimweleza kama msemaji mzuri, mtu wa mzaha wa papo kwa papo, anayejumlisha kichwani haraka kuliko wenzake wenye mashine.

Suala la mkono anaotumia si dogo. Kwa zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanaotumia mkono wa kulia, lugha huendeshwa hasa na nusu ya kushoto ya ubongo. Kwa wanaotumia kushoto ni kama 7 kati ya 10. Kwa hiyo mtu wa mkono wa kulia akipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, uwezekano mkubwa ni kwamba ataendelea kuzungumza kama kawaida. Kwenye faili la mgonjwa huyu, jambo hilo liliandikwa siku ya tatu.

Asubuhi ya tukio

Saa 1:20 asubuhi mkewe alimwona akiwa mzima, amebeba ndoo kwa mkono wa kushoto. Hii ndiyo saa inayohesabiwa: mara ya mwisho kuonekana hana tatizo. Kama saa 2 kasoro robo alitoka bafuni akiwa amenyoa ndevu za shavu la kulia tu. Shati alikuwa amelivaa mkono mmoja, na wa kushoto unaning'inia mgongoni. Alipotoka chumbani bega lake la kushoto liligonga mlango, akaendelea na safari bila kugeuka.

Mkewe alimuuliza, "Baba Asha, mbona ndevu umeacha?" Akajibu, "Nimemaliza, labda wembe ndio umechoka." Alipoulizwa kuhusu mkono, alisema ameulalia vibaya usiku. Baada ya hapo alipokea simu ya kazini na kuzungumza kwa dakika kumi kuhusu marejesho ya kodi, kwa mpangilio, bila kukosea hata jina moja. Simu hiyo ndiyo iliyomtuliza mkewe. Mtu anayeongea hivi, alijiambia, hawezi kuwa na kiharusi.

Walifika hospitali saa 4:05 kwa sababu mkono ulikuwa bado "umelala". Pale mapokezi aliulizwa jina, umri, tarehe na mahali alipo, akajibu yote. Aliulizwa anasumbuliwa na nini, akasema, "Mimi sijambo, ni hawa ndio wamenileta." Akawekwa kwenye foleni ya kawaida.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Kwake dirisha hilo lilikuwa linafungwa saa 5:50. Alionwa na daktari saa 6:15. Picha ya CT ya saa 6:50 haikuonyesha damu iliyovuja. Ilionyesha dalili za mwanzo za kufa kwa tishu katika eneo linalolishwa na ateri ya kati ya ubongo upande wa kulia, kuelekea juu na nyuma. Kipimo cha moyo kilionyesha mapigo yasiyo na mpangilio, chanzo cha kawaida cha bonge la damu linalosafiri hadi kwenye ubongo. Kituo hakikuwa na huduma ya kuvuta bonge kwa mrija. Alipimwa kumeza, akapewa aspirini miligramu 300, akalazwa.

Siku mbili wodini

Kwenye kipimo cha NIHSS, ambacho hupima ukali wa kiharusi kuanzia 0 hadi 42, alipewa alama 5: uso 1, mkono wa kushoto 2, mguu wa kushoto 1, hisia 1. Kipengele cha mwisho, kinachouliza kama mgonjwa anatambua pande zote mbili, kiliandikwa 0. Hakikuwa kimepimwa. Daktari alipita, mgonjwa akamsalimia kwa jina, wakazungumza habari za siku, na kwenye faili pakaandikwa: "Yuko macho, anaelewa, anazungumza vizuri. Aruhusiwe kesho kutwa."

Wakati huohuo wauguzi walikuwa wanaona mambo ambayo kila moja, likiwa peke yake, lilionekana dogo. Sahani ilirudi ikiwa imeliwa nusu, na mstari wa kugawa ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula. Chakula kilibaki kwenye shavu la kushoto bila yeye kujua, ingawa alikuwa amefaulu kumeza. Mtu akimsemesha kutoka kushoto, alimtafuta kulia. Uso wake ulibaki umegeukia dirisha la kulia hata wageni walipokuwa wamekaa kushoto.

Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyeunganisha vipande hivyo. Alimwambia, "Mzee, hebu inua mikono yote miwili." Akainua wa kulia. "Na wa kushoto?" "Nimeshauinua, sista, huuoni?" Muuguzi akaushika mkono wa kushoto, akausogeza mbele ya macho yake, akamuuliza ni wa nani. Mgonjwa aliutazama kwa utulivu na kusema, "Huu si wako?"

Asubuhi ya siku ya tatu muuguzi aliomba ruhusa isitolewe mpaka mtaalamu wa tiba kazi amwone.

Vipimo vya karatasi

Vipimo vilivyofuata vilihitaji karatasi za A4, kalamu na dakika 20. Vinaelezwa hapa kwa kirefu kwa sababu ndivyo vilivyobadili kila kitu, na hakuna kituo kinachoweza kusema kimekosa vifaa.

Cha kwanza ni kugawa mstari. Mstari wa sentimita 20 huchorwa katikati ya karatasi, karatasi huwekwa mbele ya kifua bila kuinama upande wowote, na mgonjwa huambiwa aweke alama katikati. Watu wazima wasio na tatizo hukosea milimita chache, mara nyingi kidogo kuelekea kushoto. Yeye, kwa mistari mitano, alikosea wastani wa milimita 31 kuelekea kulia. Kosa la kawaida la mpimaji hapa ni kushika karatasi au kuelekeza kwa kidole upande wa kushoto. Kidole hicho ni msaada, na matokeo hayafai tena.

Cha pili ni kukata nyota. Kwenye karatasi iliyojaa herufi, maneno na nyota kubwa, mgonjwa anatakiwa kukata nyota ndogo 54. Alikata 19, zote upande wa kulia, akaweka kalamu chini na kusema amemaliza. Alipoulizwa kama ana uhakika, alizipitia tena zilezile 19 na kukata baadhi mara ya pili.

Cha tatu ni saa. Alichora duara zuri, kisha akazipanga namba zote 12 kwenye nusu ya kulia, zikabanana kuelekea chini.

Kusoma kulifuata, na hapa Kiswahili kinahitaji uangalifu ambao vitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyingine haviufundishi. Katika lugha yetu mwanzo wa kitenzi, yaani kushoto kwake, ndiko kunakokaa nafsi, wakati na ukanushi. Mgonjwa anayepoteza kushoto kwa neno hapotezi pambo. Anapoteza nani, lini, na ndiyo au hapana. Kwenye orodha ya wadaiwa aliyopewa, palipoandikwa "hajalipa" alisoma "amelipa". Palipoandikwa "usimeze" kwenye kibandiko cha dawa ya kupaka, alisoma "meze". Hakusita, wala hakuonyesha dalili ya kukisia: ubongo ulijaza mwanzo wa neno kimyakimya.

Na namba zikawa hivyohivyo. 48,650 aliisoma "mia sita na hamsini".

Kisha mtaalamu akafanya jambo la busara: alipima hesabu kwa njia mbili. Kwa mdomo, 17 mara 6, jibu lilikuja mara moja: 102. Asilimia 18 ya 2,500? "Mia nne na hamsini." Yote sahihi. Halafu akamwandikia jumla ya safu, 346 juu na 253 chini. Mgonjwa akaandika 99. Alikuwa amejumlisha 46 na 53 bila kosa lolote, na safu ya mamia, iliyo kushoto kabisa, haikuwepo kwake. Jibu sahihi ni 599. Mtaalamu alipoandika tarakimu hizohizo kwa wima, moja chini ya nyingine, alisoma zote.

Kipimo cha mwisho kilifuata njia iliyotumiwa na watafiti wa Italia, Bisiach na Luzzatti, mwaka 1978, walipowaomba wagonjwa waeleze kwa kukumbuka uwanja wa kanisa kuu la Milan. Mgonjwa aliombwa afumbe macho, ajione amesimama mlangoni mwa ofisi yake, ataje vilivyomo. Akataja kabati la chuma, kalenda na mashine ya kuchapa, vyote vya kulia. Akaombwa ajione ameketi kwenye meza yake akiutazama mlango. Sasa akataja rafu za mafaili, viti vya wageni na sefu, na kabati likatoweka. Kumbukumbu yote ilikuwepo. Kilichokosekana ni kile kinachoelekea kushoto kwa wakati ule, hata akilini.

Ilibaki kuhakikisha kwamba si tatizo la macho peke yake. Kiharusi kinaweza kufuta nusu ya upeo wa kuona, lakini mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida anajua haoni, na hugeuza kichwa kufidia. Huyu hakugeuza kichwa. Alipotikisiwa kidole kushoto peke yake alikiona. Vidole viwili vilipotikiswa pamoja, aliona cha kulia tu. Kuguswa nako kulikuwa hivyo: mkono wa kushoto ukiguswa peke yake alisema "kushoto", ikiguswa yote miwili alisema "kulia". Alama za NIHSS zilirekebishwa kutoka 5 hadi 8: 2 kwa kutotambua upande na 1 kwa macho kuvutwa kulia.

Hali hii wengine huiita "kupuuza upande". Neno hilo linapotosha, kwa sababu anayepuuza ameona na ameamua kuacha. Hapa inafaa zaidi kusema mgonjwa ameghafilika na upande: haupo kwenye hesabu yake. Kutojua kabisa kwamba ana ugonjwa ni jambo la pili, na daktari wa neva Babinski alilipa jina la anosognosia mwaka 1914.

Maamuzi na sababu zake

Ruhusa ilifutwa. Sababu iliyoandikwa haikuwa mkono dhaifu. Ilikuwa kwamba mtu asiyejua mguu wake ni dhaifu atasimama, na asiyejua kushoto kupo atavuka barabara.

Dawa ya kuzuia damu kuganda ilianza siku ya 6, na aspirini ikasimamishwa. Kwa kiharusi cha ukubwa wa kati kama hiki, timu ilitaka kupunguza hatari ya damu kuvuja kwenye tishu iliyokufa. Alama zingebaki 5 kiharusi kingehesabiwa kidogo na dawa ingeanza siku ya 3, kwa hiyo kipimo cha karatasi kiligusa hata dawa.

Mpangilio wa kitanda ulileta mabishano. Baadhi walitaka kila kitu kiwekwe kushoto, maji, kengele na wageni, ili alazimike kugeuka. Ilifanyika hivyo siku ya tatu na ya nne. Usiku wa siku ya nne alihitaji choo, hakuiona kengele, akasimama mwenyewe, akaanguka. Hakuvunjika. Siku ya tano kengele na maji vikahamishiwa kulia, na kushoto wakaachiwa wageni na mazoezi. Msingi wa uamuzi huo ulikuwa kwamba kitu cha usalama kikae anakokiona, na kitu cha kujifunzia kikae asikokiona.

Mazoezi yalipangwa kwa dakika 45, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne. Kiini chake kilikuwa utepe mwekundu uliobandikwa ukingo wa kushoto wa kila karatasi. Mgonjwa haruhusiwi kusoma mpaka macho yaufikie utepe na atamke, "Nyekundu." Kisha anasoma mstari mmoja, anarudi kwenye nyekundu, anaanza wa pili. Utepe ulihamia hatua kwa hatua: kutoka A4 kwenda sinia la chakula, kutoka sinia kwenda meza nzima, kisha ukuta wa mita mbili, kisha korido. Kwa namba aliongezewa kanuni moja: hesabu tarakimu ngapi, ndipo usome.

Wiki ya pili iliongezwa miwani ya prizimu inayosogeza picha digrii 10 kwenda kulia, vipindi viwili kwa siku kwa siku kumi, kila kipindi kunyoosha kidole cha mkono wa kulia kwenye alama kama mara 90. Mara za kwanza anakosea kulia, kisha anajirekebisha. Miwani ikivuliwa anakosea kushoto, na huko kukosea ndiko kunakotafutwa. Mambo mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni kumwachia mgonjwa aone mkono wake njia nzima. Aone ncha ya kidole mwishoni tu, vinginevyo anauongoza kwa macho na ubongo haujifunzi. La pili ni kutopima baada ya kuvua. Kama hakosei kushoto, kipindi kile hakikufanya kitu.

Uamuzi wa mwisho ulihusu kazi na saini. Mgonjwa alitaka apelekewe hundi hospitalini. Kikao kilifanyika na mkewe na binti yao, na mtaalamu alimwekea mbele karatasi yake mwenyewe yenye jibu la 99, iliyogeuzwa wima. Akajumlisha upya, akapata 599, akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kukubali kwamba kuna kitu. Kwa siku kadhaa kabla ya hapo aliambiwa kwa maneno kwamba haoni kushoto, na kila mara alikuwa na jibu la kupendeza. Alikubali kutosaini chochote peke yake na kutoendesha gari.

Katika kikao hicho binti alisema jambo ambalo lilikuwa limemkaa moyoni: "Baba hajali tena. Nimemwambia nimefaulu mtihani, akasema 'vizuri' kama anasoma tangazo." Timu ikaeleza kwamba nusu ya kulia ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kupanda na kushuka kwa sauti, na ya kusoma hisia kwenye sauti na nyuso za wengine. Maneno ya baba yalikuwa mazima. Kilichoumia ni wimbo wa maneno. Familia iliambiwa itamke hisia wazi, "Nimefurahi," "Nimeumia," isimwachie azibaini usoni, na imuulize anahisi nini badala ya kupima kwa sauti yake.

Matokeo

Wiki ya sita alikata nyota 46 kati ya 54, na kosa la kugawa mstari lilishuka hadi milimita 9. Kwenye kipimo cha Catherine Bergego, ambacho kina vipengele 10 vya maisha ya kila siku na jumla ya alama 30, alitoka 21 hadi 8. Alinyoa uso mzima. Alisoma "hajalipa" kama ilivyoandikwa, kwa kurudi nyuma mara moja.

Mwezi wa tatu karatasi zilionyesha karibu kawaida, lakini koridoni lilibaki tatizo. Akitembea kimya hagongi kitu. Akitembea huku anajibu maswali, bega la kushoto linarudi kwenye milango. Mwezi wa tano alirudi kazini nusu siku, kwa kazi zisizo na saini, na kila jedwali linapitiwa na mtu wa pili. Ruhusa ya kuendesha gari hakupewa.

Sauti yake ilibaki bapa kuliko zamani. Binti alijifunza kuuliza.

Uchambuzi: kwa nini ulimi uliwapoteza watu

Tangu daktari Mfaransa Broca alipomchunguza mwaka 1861 mgonjwa aliyeweza kutamka "tan" tu, na daktari Mjerumani Wernicke alipoeleza mwaka 1874 hali ya kuongea mfululizo bila maana, nusu ya kushoto imekuwa ikijulikana kwa kazi yake ya lugha. Ikiumia, kila mtu anajua siku hiyohiyo, kwa sababu mgonjwa hawezi kusema. Nusu ya kulia ikiumia, anayetoa taarifa ni nusu ya kushoto, ambayo haijaumia. Inatoa taarifa ya kile inachokijua, kwa ufasaha, na haijui kwamba kuna kinachokosekana.

Hata vipimo rasmi vimeegemea upande huo. Katika alama 42 za NIHSS, 7 zinategemea lugha moja kwa moja: maswali 2, maagizo 2, lugha yenyewe 3. Kutotambua upande kuna alama 2 tu. Watu wawili wenye alama sawa wanaweza kuwa na viharusi vya ukubwa tofauti kabisa, na mara nyingi kikubwa zaidi kiko kulia. Tahadhari za umma nazo, uso, mkono, usemi, zina neno usemi ndani yake. Ni tahadhari nzuri na zimeokoa wengi. Lakini kwa mkewe, usemi mzima ulifuta uso uliopinda na mkono uliolegea. Hazikuwekwa hivyo. Dalili moja inatosha, na iliyo nzima haifuti iliyoharibika.

Kuhusu kushoto kupotea zaidi kuliko kulia, maelezo yanayoshikika zaidi ni haya. Nusu ya kulia hugawa umakini kwa pande zote mbili za dunia; nusu ya kushoto huangalia hasa kulia. Kushoto kwa ubongo kukiumia, kulia kunaendelea kulinda pande zote. Kulia kukiumia, upande wa kushoto wa dunia unabaki bila mlinzi, na nusu iliyobaki inavuta macho kulia bila mpinzani. Ndiyo maana kughafilika na upande wa kulia, baada ya kiharusi cha kushoto, hutokea mara chache na kwa kawaida huwa hafifu zaidi.

Kisa hiki pia kinasahihisha picha iliyoenea kwamba kushoto ni mantiki na namba, kulia ni sanaa. Mhasibu huyu alikuwa na 17 mara 6 na hakuwa na safu ya mamia. Majedwali ya kuzidisha, yaliyohifadhiwa kama maneno, yalikuwa salama kushoto. Kupanga tarakimu kwenye nafasi, kujua kwamba safu ya tatu ipo, kulihitaji kulia. Jumla moja ya darasa la tatu inazihitaji nusu zote mbili kwa wakati mmoja, na zinabadilishana habari kupitia kopasi kalosumu, daraja la nyuzi karibu milioni 200. Mtu hana nusu anayoitumia na nusu iliyolala.

Na vipi kuhusu "Huu si wako?" na "labda wembe ndio umechoka"? Wagonjwa waliokatwa daraja hilo ili kupunguza kifafa, ambao mwanasayansi Sperry aliwachunguza hadi kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walitoa mwanga. Watafiti Gazzaniga na LeDoux walimwonyesha mmoja wao mguu wa kuku kwa nusu ya kushoto na theluji kwa nusu ya kulia. Mkono wa kushoto, unaoendeshwa na nusu ya kulia, ukachagua picha ya koleo, chombo cha kuzolea theluji. Alipoulizwa kwa nini, nusu inayozungumza, ambayo haikuiona theluji, ikajibu kwamba koleo ni la kusafishia banda la kuku. Mgonjwa wetu hakukatwa daraja, lakini mwelekeo wa majibu yake unafanana: habari haikufika, na msemaji hakunyamaza. Kwa mhudumu hii ina faida moja kubwa ya vitendo. Mgonjwa haongopi wala si mbishi, na kubishana naye ni kupoteza muda. Karatasi iliyogeuzwa ilifanya kwa dakika moja kile ambacho maneno hayakufanya kwa siku kadhaa, kwa sababu ilileta ushahidi upande ambao bado anauona.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni utepe mwekundu, na ni kwa sababu uliambatana na kitendo cha kutamka. Lugha yake ilikuwa nzima. Ikapewa kazi ya kuyaongoza macho. Prizimu ni vigumu kuisifu kwa uhakika: nafuu ilikuja wakati huohuo wa mazoezi mengine na wa kupona kwenyewe kwa wiki za mwanzo, na tafiti kuhusu prizimu zimetoa majibu yanayopishana.

Yaliyoshindwa ni manne. Foleni ya mapokezi iliyopoteza saa mbili zilizokuwa na thamani kuliko wiki zote za mazoezi. Kipengele kilichoandikwa 0 bila kupimwa, ambacho kwenye faili kinasomeka sawa na kilichopimwa na kuwa kizima. Kengele iliyowekwa kushoto. Na utepe ulioondolewa mapema: wiki ya pili, baada ya siku mbili nzuri, uliondolewa wote kwa pamoja, na nyota zikashuka kutoka 38 hadi 27. Ukarudishwa, ukapunguzwa polepole, kwanza mwembamba, kisha mstari wa kalamu, kisha nukta, ndipo hakuna.

Baada ya kikao cha tathmini, fomu ya mapokezi iliongezewa mistari miwili. Wa kwanza unauliza mkono wa kuandikia. Wa pili unataka mgonjwa yeyote mwenye mkono au uso uliolegea, hata akiongea vizuri namna gani, aguswe mikono yote miwili kwa pamoja akiwa amefumba macho, kisha agawe mstari wa sentimita 20. Inachukua chini ya dakika mbili, na kisanduku kina majibu matatu: kawaida, si kawaida, haijapimwa.